Joka Lako Halikai Sawa? Tafuta Chanzo Chini ya Magamba

Hakuna aliyewahi kukutana na joka, lakini mtu yeyote akionyeshwa mchoro wa joka lenye kasoro hugundua mara moja kwamba kuna kitu hakijakaa sawa. Jicho linawakumbuka popo, mamba, jogoo, farasi, paka na nyoka, na linalipima joka lako kwa wanyama hao bila kukuuliza. Joka likikataa kukaa vizuri kwenye karatasi, karibu kila mara kuna mnyama halisi ambaye hukumtazama vya kutosha.

Kitu kingine cha kushika tangu mwanzo: kosa huonekana kwenye ngozi, lakini chanzo chake kwa kawaida kiko kwenye mifupa. Anayejifunza akiona bega limepinda vibaya huongeza magamba hapo, halafu miiba, halafu kivuli kizito. Bega linabaki vilevile, ila sasa kulifuta ni kazi kubwa zaidi. Ndiyo maana kwa kila tatizo hapa chini ninakurudisha ngazi moja nyuma ya pale linapoonekana.

Kabla ya kurekebisha chochote, lipime joka lako. Geuza karatasi juu chini, au itazame kupitia kioo. Makosa ambayo jicho lilishayazoea yatajitokeza. Kisha weka karatasi nyembamba juu ya mchoro, fuata ukingo wa nje peke yake, ujaze weusi ndani. Kama kwenye umbo hilo jeusi huwezi kutenganisha kichwa, bawa na mguu, ugonjwa ni wa mkao, kwa hiyo magamba yasubiri. Kama umbo jeusi linasomeka vizuri lakini mchoro wenyewe umepooza, ugonjwa ni wa mwanga au wa mistari, na dawa yake iko kwenye sehemu za mwisho.

Mabawa yanaonekana yamebandikwa mgongoni

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa karibu kila anayeanza, na lina vyanzo kadhaa vinavyofanana kwa nje.

Chanzo kikubwa ni kulichora bawa kama kitambaa. Bawa ni mkono. Mtazame popo: ana bega, mkono wa juu, kiwiko, kigasha, kifundo, kisha vidole vinne virefu mno vinavyoubeba utando. Kidole gumba kimebaki huru, kifupi, chenye ukucha, na ndicho anachotumia kushikilia anapotambaa. Ule ukucha unaouona kwenye mabawa ya majoka mengi umetoka hapo. Kama huwezi kuweka kidole chako juu ya mchoro na kusema "hapa ni kiwiko, hapa ni kifundo", futa utando wote, chora mifupa peke yake, na usirudishe utando mpaka mifupa ielezeke.

Usichanganye aina mbili za bawa bila kukusudia. Popo anatumia vidole vinne kubeba utando. Terosaria, wale reptilia warukao wa zama za dinosaria, walitumia kimoja tu, kidole cha nne, kilichorefuka kuliko mkono wenyewe. Bawa la popo lina mifupa kama mbavu katikati yake na ukingo wenye vipindo vingi. Bawa la terosaria ni jembamba, refu, na ukingo wake hauna vipindo hivyo. Yote mawili yanafaa kwa joka. Nusu ya hili na nusu ya lile, bila kujua unachofanya, ndiyo inayoleta lile bawa ambalo mtazamaji haliamini.

Chanzo cha pili ni mahali bawa linapoanzia. Joka lenye miguu minne na mabawa mawili lina viungo sita, na hakuna mnyama mwenye uti wa mgongo aliye na idadi hiyo. Huna pa kunakili, kwa hiyo lazima ubuni bega la pili. Njia inayonipa matokeo ya kuaminika ni kuliweka fupa la bega la bawa juu kidogo na nyuma kidogo ya bega la mguu wa mbele, kisha kuteremsha msuli mpana kutoka kwenye mzizi wa bawa hadi kifuani. Kwa ndege na kwa popo, nguvu ya kusukuma bawa chini inatoka kwenye kidari. Joka lenye mabawa makubwa na kifua chembamba litaonekana haliwezi kuruka, hata kama mtazamaji hawezi kukueleza kwa nini.

Ukiona viungo sita vinakulemea, chora joka la miguu miwili, ambalo mikono yake ndiyo mabawa. Haupunguzi hadhi ya kazi yako. Kwenye mchoro wa Mtakatifu George wa Paolo Uccello, mchoraji wa Italia, wa mwaka 1470 hivi, ulioko National Gallery mjini London, joka lina miguu miwili na mabawa mawili. Katika nembo za Uingereza aina hiyo ina jina lake, wyvern, tofauti na lile la miguu minne kama joka jekundu la bendera ya Wales. Kwa anayejifunza, ninashauri kuanza na la miguu miwili, kwa sababu kila kiungo chake unaweza kukihakiki kwa popo.

Chanzo cha tatu ni udogo. Terosaria mkubwa aitwaye Quetzalcoatlus alikuwa na mabawa yenye upana wa mita 10 hivi kutoka ncha hadi ncha, na akisimama alikaribia urefu wa twiga, huku kiwiliwili chake kikiwa kidogo kwa kulinganisha. Ukipima joka lako ukakuta bawa moja likinyooshwa halifikii hata urefu wa kiwiliwili, hapo ndipo tatizo lilipo. Rekebisha kwa kurefusha vidole, uache mkono wa juu ulivyo.

Halafu kuna ukingo wa utando. Utando uliovutwa kati ya vidole viwili huingia ndani, kuelekea mwilini. Ukiuchora umebinuka kwenda nje, unaonekana umejazwa hewa. Mikunjo nayo haitawanyiki ovyo. Inatoka kwenye kiungo kinachovuta, hasa kifundo na kiwiko, na kufifia kadiri inavyokwenda mbali.

Bawa likikunjwa, sijui liende wapi

Linajikunja kama mwavuli: vidole vinakaribiana, vinalala sambamba vikielekea nyuma, na utando unaning'inia kati yake kwa mikunjo mirefu. Kifundo ndicho kinachosonga mbele na juu, karibu na bega au shingo.

Kosa linalojirudia ni kufupisha mifupa ili bawa litoshe. Chukua kipande cha karatasi, weka alama za urefu wa kila mfupa kwenye bawa lililofunguliwa, kisha tumia alama hizohizo kwenye bawa lililokunjwa. Ukifanya hivyo utagundua kwamba vidole vinapita nyonga na kufika kwenye mkia. Viache vifike.

Joka halina uzito, linaelea juu ya ardhi

Anza na miguu. Mjusi na joka wa Komodo, yule mjusi mkubwa wa Indonesia anayeweza kufikia mita 3, wanatoa mapaja kwa pembeni, viwiko na magoti vikitazama nje. Farasi na paka miguu yao iko chini ya mwili. Mamba anaweza yote mawili: hutambaa kwa tumbo, na akitaka kutembea huunyanyua mwili kutoka ardhini. Chagua moja kabla ya kuchora. Joka lenye mabega ya paka na nyonga za mjusi, kwenye mkao mmoja, litaonekana linaanguka.

Kisha kuna lile goti linalodaiwa kukunjika kinyumenyume. Hilo ni kisigino. Paka na mbwa wanatembea kwa vidole, na kisigino chao kimenyanyuka juu. Goti lenyewe liko karibu na tumbo na linatazama mbele kama lako. Chora mguu wa nyuma kwa vipande vinne vinavyobadilisha mwelekeo: paja kwenda mbele, muundi kurudi nyuma, wayo kushuka, vidole kulala chini. Ukikosa kipande kimoja, mguu utakuwa wa meza.

Miguu ikishakubali na bado joka linaelea, teremsha mstari wima kutoka katikati ya kiwiliwili. Kwa mnyama aliyesimama, mstari huo unatakiwa kuangukia kati ya nyayo zake. Ukitoka nje ya nyayo, sogeza mguu au peleka mkia upande wa pili ili usawazishe. Joka la miguu miwili linategemea sana jambo hili: kichwa, shingo na mabawa viko mbele ya nyonga, kwa hiyo mkia lazima uwe mzito kiasi cha kuvijibu.

Mwisho kabisa ongeza kivuli cha kugusa, ule mstari mwembamba mweusi sana pale kucha zinapokutana na ardhi. Ni kazi ya dakika moja na inalishusha joka lote.

Shingo imekuwa bomba na mkia umechomekwa

Chanzo ni kuchora kingo mbili za nje moja baada ya nyingine. Mkono haujui kulinganisha kingo mbili zinazopinda. Kati yake unene unavimba na kusinyaa bila sababu.

Chora kwanza mstari mmoja wa uti wa mgongo, kutoka nyuma ya fuvu hadi ncha ya mkia, bila kuinua penseli, kwa mkono unaotembea kutoka begani. Juu ya mstari huo pachika pete, yaani mikato ya mviringo inayoonyesha kama sehemu hiyo inakuja kwako au inakwenda mbali. Pete za shingo ziwe kubwa zinapokaribia kifua. Za mkia ziwe pana sana zinapotoka kwenye nyonga. Mkia wa mamba ni mnene pale mwanzoni kwa sababu umebeba msuli mkubwa ulioshikamana na mfupa wa paja, ule unaouvuta mguu nyuma anapotembea. Hakuna mahali unapoweza kusema "hapa nyonga imekwisha, mkia umeanza", na joka lako nalo lisiwe na mahali hapo. Baada ya pete ndipo kingo zinachorwa, zikigusa kila pete.

Kwa majoka marefu ya Kichina, yasiyo na mabawa, ugonjwa huohuo unajitokeza kwa sura nyingine: mwili unapita nyuma ya wingu na unapotokea upande wa pili hauonekani kuwa ndio uleule. Hapa chora mwili wote kana kwamba wingu ni la kioo, pete zote zikiwemo, kisha futa sehemu iliyofichwa. Chen Rong, aliyechora majoka tisa kwenye hati ya kukunjwa mwaka 1244, aliyazamisha kwenye ukungu na mawimbi kiasi kwamba vipande vikubwa vya miili havionekani kabisa. Hati hiyo ina urefu wa karibu mita 11 na iko kwenye makumbusho ya sanaa ya Boston. Tafuta picha yake uifuate kwa kidole: pale mwili unapozama na pale unapoibuka panaungana kwa mkunjo mmoja. Sijui zoezi bora la kujifunza shingo na mkia kuliko kunakili kipande kimoja cha hati hiyo.

Kichwa ni cha mbwa, au ni cha farasi

Kufanana na mnyama si kosa. Leonardo da Vinci alishauri kwamba mnyama wa kubuni ataonekana wa kweli ikiwa kila kiungo chake kimechukuliwa kwa mnyama halisi, na mfano alioutoa ulikuwa joka: kichwa cha mbwa mkubwa, macho ya paka, masikio ya nungunungu, pua ya mbwa wa mbio, nyusi za simba, panja za jogoo mzee na shingo ya kobe. Tatizo ni pale kichwa kizima kinapotoka kwa mnyama mmoja. Badilisha viungo viwili tu na uone.

Lakini kuna makosa ya kichwa ambayo ni makosa kweli. Bawaba ya taya ikiwekwa mbele ya jicho, mdomo hauwezi kufunguka vya kutisha. Kwa mamba iko nyuma kabisa ya fuvu, baada ya jicho. Taya la juu ni sehemu ya fuvu, kwa hiyo mdomo ukifunguka linaloteremka ni taya la chini; ukitaka taya la juu lipande, inua kichwa kizima na shingo ifuate.

Meno yenye urefu mmoja yanaufanya mdomo uwe wa mwanasesere. Mamba ana meno makubwa na madogo yaliyochanganyika, na hata akifunga mdomo, jino la nne la taya la chini linaonekana nje. Mpe joka lako jino moja la namna hiyo kila upande kabla ya kufikiria kuongeza mengine.

Joka likionekana pole wakati ulilitaka kali, punguza jicho na uliwekee mfupa wa nyusi unaolifunika kwa juu. Pembe zikionekana hazilingani, pitisha mstari mmoja mwembamba juu ya fuvu unaounganisha mizizi yote miwili na mwingine unaounganisha ncha. Ikiwa mistari hiyo miwili haiendani na mwelekeo wa macho, umepata pa kurekebisha. Na mizizi ya pembe iwe minene, ikitoka kwenye mfupa.

Naweza kuchora linalotazama upande mmoja tu

Wanaotumia mkono wa kulia huona wepesi kuchora kichwa kinachotazama kushoto, na wa kushoto kinyume chake, kwa sababu ndivyo kifundo kinavyozunguka. Tiba ni kuacha kuanza na ukingo wa uso. Anza na maumbo matatu: yai kubwa la kifua, yai dogo la nyonga, kabari ya kichwa. Yazungushe maumbo hayo kwenye ukurasa kwa pande zote, hata yanayokuja kwako moja kwa moja. Likija mbele, kabari hufunika sehemu ya shingo na yai la kifua hufunika lile la nyonga. Kufunikana huko ndiko kunakoleta umbali. Ukiogopa kufunika, joka litabaki bapa.

Magamba yameliua joka

Dalili: mchoro ulikuwa hai mpaka ulipoanza magamba, na sasa joka limevaa wavu.

Magamba yenye ukubwa sawa, yaliyojazwa kila mahali kwa giza lilelile, yanafuta mviringo wa mwili. Reptilia hawako hivyo. Nyoka wengi wana magamba mapana yanayokatiza tumbo, na madogo yanayolaliana mgongoni, ukingo wa kila gamba ukielekea mkiani. Mamba ana mabamba mgongoni yenye mfupa ndani na kigongo juu, yamekaa ubavu kwa ubavu, na yanakuwa madogo shingoni na miguuni. Kwenye kiungo kinachokunjwa magamba ni madogo siku zote, maana makubwa yasingepisha mkunjo.

Jaribu kwenye ubavu mmoja tu, kati ya bega na mbavu ya tatu. Amua mwanga unatoka juu kushoto. Kwa penseli ngumu ya 2H pitisha mistari miepesi inayozunguka mwili kufuata zile pete zako. Hiyo ndiyo njia ya magamba. Sehemu inayopigwa na mwanga, iache tupu kabisa. Kwenye kivuli kizito, weka rangi moja ya giza bila gamba hata moja. Pale mwanga unapogeuka kuwa kivuli, kwenye ukanda huo mwembamba peke yake, chukua 2B, penseli laini yenye weusi zaidi, na uchore magamba kwa makini: ukingo wa chini wa kila gamba mweusi, wa juu haupo. Ukifika mwisho wa ukanda, acha magamba mawili matatu yawe nusu, kisha simama. Mtazamaji atayaona magamba hata pale ambapo hukuyachora.

Moto unafanana na nywele

Umeuchora kwa mistari myeusi ya nje. Moto ni mwanga, na mwanga kwenye karatasi ni ile karatasi yenyewe. Uache weupe, tia giza pembeni yake. Unatoka mdomoni ukiwa mwembamba, unapanuka, unachanika ncha. Kwa rangi, peleka kutoka nyeupe na njano karibu na mdomo hadi chungwa na nyekundu kwenye kingo, kisha moshi.

Ukimaliza, angalia chini ya taya, kifua na ardhi. Kama moto unawaka na sehemu hizo bado zina kivuli kilekile cha awali, moto umebandikwa. Ziangaze, na vivuli vya pembe na nyusi vikimbie kwenda nyuma, mbali na moto.

Rasimu ilikuwa hai, nakala safi imekauka

Nakala hukauka kwa sababu umeacha kuchora joka, unafuata mstari. Usifute rasimu yote. Ipunguze kwa kuigandamizia kifutio laini mpaka ibaki ukungu, kisha chora upya juu yake ukifikiria mfupa na msuli, mstari ukizidi unene pale mwili unapobeba uzito na kuwa mwembamba pale ngozi inaponyooshwa. Anayetumia tableti apunguze uonekano wa leya ya rasimu hadi ionekane kwa shida, afanye vivyo hivyo.

Na kama umefuata yote haya na majoka yako bado yanatoka sura moja, weka majoka kando kwa muda. Chora popo aliyekunja mabawa, kwa picha ikiwa huna wa kumtazama. Chora mguu wa jogoo, makucha yake yakiwa yameshika tawi. Chora mamba akiwa amefungua mdomo, kwa mbele na kwa ubavu. Halafu chora joka kwa kichwa, bila kutazama picha yoyote, ukitumia angalau viungo viwili ulivyovichora juma hilo, na uandike pembeni ya karatasi kila kiungo umekitoa kwa mnyama gani. Kiungo kitakachokosa jina la mnyama pembeni yake ndicho cha kwanza kurudia.